Mama Ameshaaga, Mimi Bado Nalinganisha Njia za Lamu

Kibiti, 27 Septemba 1994

Mpendwa Bi Zuena,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba uvumilivu, maana barua hii ni ndefu na mwandishi wake si mtu wa kueleza jambo kwa mkato, mke wangu hunicheka kwamba ukiniuliza saa ngapi nitakuanzia na habari za fundi aliyeitengeneza saa yenyewe, lakini safari hii sina hamu ya kuchekwa, nina kitu kifuani kinaninyima hata kula, na hapa Kibiti hakuna ninayeweza kumweleza bila habari kufika sokoni kabla yangu. Jina langu usilitaje.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na miwili, nina mke na watoto wanne. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa karani wa ratiba katika shirika moja la mabasi la umma, kazi yangu ilikuwa kupanga basi lipi liondoke saa ngapi, lipite wapi, likikwama kwenye matope ya masika lifuatwe na lipi, na kazi ile niliipenda mpaka usingizini nilikuwa naota ratiba, halafu ukaja mwaka tulioambiwa shirika halijiendeshi, mabasi yakauzwa kwa watu binafsi, sisi tukapunguzwa, nikarudi Kibiti nikafungua duka la vipuri vya baisikeli kando ya barabara kuu. Mbele nauza minyororo na spoki, nyuma ndipo tunapoishi, ukuta wa kati ni mmoja tu wa udongo. Nakueleza haya ili ujue kwamba mambo ya safari ndiyo elimu pekee niliyo nayo, nayo ndiyo iliyoniponza.

Mama yangu, Bi Mwanabaraka, kwake ni Kiomboni, huko visiwani kwenye delta ya Rufiji, unapanda mtumbwi Nyamisati. Baba yake mzazi alikuwa mtu wa Lamu, alikuja zamani kufuata boriti za mikoko, akaoa huku kwetu, akazaa mabinti wawili, mama na mdogo wake Mwanamkuu, kisha msimu mmoja akaenda kwao akafia huko na akazikwa huko, na mabinti zake hawajaliona kaburi lake mpaka wamekuwa vikongwe. Kila mwaka Mfungo Sita ukiingia, watu wa kwetu wanaojiweza huenda Lamu kwenye Maulidi, wakirudi wanasimulia maandamano ya zefe na matari na mbio za punda na halwa ya kule, na mama hukaa akawasikiliza mpaka wamalize, halafu huwaomba waanze tena. Mwaka huu nikamwambia kwa mdomo wangu, bila kuulizwa, "Mama, Mfungo Sita huu nakupeleka Lamu."

Akasema, "Nahodha Bushiri anakwenda. Babu yake ndiye aliyemchukua baba."

Nikamwambia, "Mama, mambo ya njia niachie mimi. Weye kaage tu."

Sasa, Bi Zuena, sijui kwenu mnaagaje, lakini kwetu mtu mzima anayevuka mpaka wa nchi haondoki kimyakimya. Anazunguka nyumba kwa nyumba anataka radhi, anasamehe na kusamehewa, anafukiziwa ubani, anasomewa dua, anapewa salamu za kupeleka, na akishaaga ameshaaga, haonekani tena kesho yake akichota maji kisimani. Mtu aliyeaga akabaki huwa kichekesho cha mwaka mzima, wanawake humwuliza, "Vipi, Lamu imehamia kwenu?" na mama yangu hajawahi kuwa kichekesho cha mtu.

Aliaga siku tisa. Alizunguka na mtumbwi vijito vyote, nyumba ya mwisho ikawa ya mdogo wake, na hapo ujue walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na mmoja, kwa sababu mama mdogo alimwoza binti yake bila kumwambia dada yake, mama akaisikia ngoma ya harusi kutoka ng'ambo ya mto, hakualikwa, tangu siku ile wakikutana msibani kila mmoja na jamvi lake. Mama alinisimulia mwenyewe jinsi alivyosimama mlangoni.

"Hodi, Mwanamkuu."

"Nani?"

"Miye dada'ko. Nakwenda kwa baba. Nimekuja kutaka radhi."

Mama mdogo alikuwa kitandani, miguu imemvimba, akajibu kutoka ndani, "Radhi ninazo tele, weye ndiye ulokuwa huzitaki." Basi wakalia, wakacheka, wakalia tena. Kisha mama mdogo akatoa sandukuni doti ya kanga mpya hajaivaa, akasema, "Ukavae siku ya zefe," akamshika mkono akamwambia, "Ukifika kaburini nisomee yasini yangu mbali na yako. Usizichanganye. Miye miguu yangu hainifikishi tena."

Mama akamwahidi. Akaja kwangu na kifurushi chake, akapitia hata Mtunda kuaga wajukuu, akafika hapa dukani akasema, "Nimemaliza. Twende."

Nikamwonyesha daftari.

Bi Zuena, naona aibu kukuandikia habari za daftari lile. Nilikuwa nimeligawa mistari, njia, siku za mwendo, mahali pa kubadilisha, hati zinazotakiwa na hatari. Njia ya kwanza ilikuwa jahazi la Nahodha Bushiri, linapakia boriti hapo hapo Kiomboni, linakwenda na upepo wa kusi siku tano au sita, halikubadilishi popote, linakutua Lamu kwenyewe, ila mama ana miaka sitini na tano na atalala juu ya magogo. Njia ya pili ni basi, Kibiti mpaka Dar es Salaam, Dar mpaka Tanga, Horohoro kwenye mpaka, Mombasa, Malindi, Mokowe, halafu kimashua cha kuvukia, hapo nilihesabu kupanda na kushuka mara sita. Njia ya tatu boti mpya za watu binafsi kutoka bandarini Dar, zinakimbia, lakini waliozipanda wanasema watu wanatapika mpaka wanasahau majina yao, na zinaishia Mombasa, kutoka hapo unamalizia kwa basi. Ya nne ni ndege. Zamani ndege tuliiona ikipita juu tu, siku hizi kuna mawakala Dar wana ofisi zenye feni na picha za fukwe ukutani, unaingia unakalishwa kitini unaitwa mheshimiwa, nami niliyepunguzwa kazi miaka minne nyuma nilikipenda kiti kile kuliko ninavyoweza kukueleza.

Nilikwenda Dar mara tatu kuuliza tu. Nikakata tiketi za basi, nikamwuliza dereva Twalibu niliyefanya naye kazi, akaniambia huko mbele ya Malindi mabasi yanatekwa na wenye bunduki, yanasindikizwa na askari, nikarudisha tiketi. Nahodha Bushiri akaniletea salamu, "Bamvua la wiki ijayo, maji yakijaa, tunatweka tanga, mama anakuja?" nikamjibu aningoje kidogo bado nalinganisha. Akaningoja siku mbili, maji yakaanza kupungua, akaondoka. Nikageukia ndege, wakala akasema mama lazima awe na hati ya kusafiria na kadi ya manjano ya chanjo, hati ikataka cheti cha kuzaliwa, mama kazaliwa Kiomboni wakati hakuna aliyeandika, nikaenda Utete ofisi za wilaya nikaambiwa nirudi wiki ijayo, nilipokuja kushika hati yenyewe mkononi Maulidi yamekwisha. Sadallah wa Mtunda alikalia kiti kile kile cha basi nilichokirudisha, akafika salama na kurudi na halwa, akaniletea na mimi kipande. Jahazi lilifika siku ya sita. Ndege ilifika, boti zilifika. Njia zote nne zilifika Lamu, Bi Zuena, sikufika mimi.

Na mama ameshaaga. Hakunigombeza, ndilo linaloniumiza, alisema tu, "Nshaaga, mwanangu, sitoki," akahamia uani, hatoki mlango wa mbele, haendi sokoni wala kisimani, maji anachotewa, na akisikia dukani sauti ya mtu wa visiwani anasogeza mkeka wake nyuma ya jiko. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza, "Leo tunaondoka?" nami najibu, "Karibu, mama."

Hapo ndipo alipokuja Gharibu, mtoto wa mama mdogo. Yeye anauza kamba wa baharini kwa hawa wanunuzi wapya wa makampuni, alikuja Kibiti kununua mnyororo, akasimama kaunta akaniambia, "Kaka, mama kanituma, hali yake si nzuri. Anauliza, mama mkubwa kafika?"

Ningeweza kusema ukweli. Mama alikuwa hatua sita nyuma yangu. Nikaona aibu ya daftari na ya siku tisa za kuaga, nikasema, "Kafika."

"Na yasini?"

"Kaisoma. Yake mbali, ya mama mdogo mbali."

Neno hilo la mwisho sikuombwa, nililiongeza mwenyewe ili uongo ukae vizuri.

Wiki mbili hazijaisha Gharibu akarudi. Safari hii hakununua kitu. Akasema, "Kaka, mama hatunaye, tumeshazika. Lakini kafa katulia. Nilipompa habari ya yasini alicheka, akasema basi, sasa hata wakija kunichukua waje. Usimkatize mama mkubwa huko aliko, mwache amalize ziara yake, tutamwona arobaini." Nilimshika mkono nikampa pole, nikalia, naye akanibembeleza, yeye mfiwa ananibembeleza mimi mwongo.

Nilimweleza mke wangu Sihaba peke yake. Kila siku ananiuliza, "Utamwambia lini mama? Au na hili unalilinganisha?" Mama mwenyewe yuko uani anasuka ukili wake karibu na ukuta, ameacha kuniuliza kama tunaondoka, na ile doti ya mdogo wake aliyokuwa ameikunja kwa ajili ya zefe ameitoa anashinda nayo, nadhani amekata tamaa ya kuitunza. Kila siku baada ya alasiri anasoma yasini kwa sauti ndogo, nafikiri anajizoeza kwa ajili ya kaburi la baba yake, nami nikimsikia tu nakimbilia mbele nakorogakoroga misumari.

Arobaini imebaki siku kumi na moja. Nimeandika daftarini njia tatu. Ya kwanza nimwambie sasa, ila naogopa ataninyima radhi, na mtu akikosa radhi ya mama ana nini tena. Ya pili nimwambie kwanza kwamba mdogo wake ni mgonjwa, halafu siku chache baadaye kwamba hali imebadilika, halafu ndiyo nimalizie. Ya tatu nimkimbize Lamu hata kwa ndege, akasome hizo yasini, uongo wangu uwe kweli, ndipo nimwambie akirudi. Nimezipima zote siioni iliyo bora. Niambie, Bi Zuena, nishike ipi?

Ni mimi mwana aliyechelewa,
Kibiti.

*

BI ZUENA ANAJIBU

Mwanangu wa Kibiti,

Jina lako sikulitaja na majina ya wengine nimeyabadilisha yote, hata kisiwa si hicho, kwa hiyo usije ukahama mji. Barua yako ilinifikia kwa siku mbili, nikaisoma nikaiweka juu ya barua za watu waliotangulia, wanisamehe. Kwa kuwa gazeti lina siku yake na arobaini ina siku yake, nakala ya jibu hili nampa dereva wa basi la asubuhi linalopita mbele ya duka lako. Gazeti likitoka likukute umeshatenda.

Kwanza pole. Pole kwa mama yako mdogo, Mungu amrehemu, na pole kwa kazi uliyopokonywa. Najua wengi wenu mliotolewa kwenye mashirika mkaambiwa mkajitafutie. Mtu aliyekuwa anapangia mabasi ya nchi nzima amekaa nyuma ya kaunta ya spoki, anaitwa mheshimiwa na kijana mwenye feni, lazima akili imruke kidogo. Ulitaka mama yako akuone bado ni mtu wa safari. Hilo nimelielewa na nimekuonea huruma.

Huruma imeishia hapo.

Zamani basi lilikuwa moja, tena bovu, nasi tulipanda na tukafika. Leo mmefunguliwa njia nne ukafanya kuzitazama ndiyo kazi. Ulikwenda Dar mara tatu, Utete sijui mara ngapi! Kwa mwendo ule ungekuwa umemfikisha mama Lamu na kumrudisha. Ulimwuliza dereva, ukamwuliza wakala, ukamwuliza karani wa wilaya. Halafu unamwambia mama mambo ya njia akuachie wewe. Nani alikuwa anasafiri?

Na mimi ni mtoto wa pwani, nimeaga mara moja maishani, nilipokwenda Hija. Nakumbuka ile siku ya mwisho, umeshamaliza nyumba zote, moyo umekuwa mwepesi, humdai mtu wala hudaiwi neno. Ukimwondoa mtu pale ukamrudisha uani nyuma ya jiko, umemweka mahali ambapo si kwake wala si safarini. Hizo wiki mama yako alizokaa pale akijificha watu wa kwao wasimwone, nataka uzifikirie kila moja, na asubuhi zake zote alizokuuliza kama leo mnaondoka.

Sasa sikiliza, maana nitakuambia jambo ambalo umeliandika mwenyewe hukuliona. Ulisema ukuta ni mmoja na ni wa udongo. Ulisema mama alikuwa hatua sita nyuma yako, na kwamba akisikia sauti ya mtu wa visiwani husogeza mkeka. Basi anasikia. Gharibu alisimama kaunta akasema mama yake amekufa, nawe ukalia pale pale, na unafikiri upande wa pili mwanamke anayesuka ukili hakusikia jina la mdogo wake?

Mama yako anajua. Ndiyo maana ameacha kukuuliza mnaondoka lini. Ile doti hakukata tamaa ya kuitunza, amevaa nguo ya mdogo wake kwa sababu mdogo wake amekufa. Na yasini ya kila alasiri hajizoezi, mwanangu. Anamsomea Mwanamkuu, peke yake, nyuma ya duka la baisikeli, hana wa kumpa pole, kwa sababu mwanawe hajampa ruhusa ya kufiwa. Hata huo uongo wako wa kaburini ameusikia, na ile "yake mbali, ya mama mdogo mbali" uliyoiongeza kwa uzuri.

Anakungojea. Angeweza kukuita akakutoa machozi mbele ya mkeo na wanao, hakufanya hivyo, amekuachia nafasi useme mwenyewe. Unaogopa atakunyima radhi. Mama anayetaka kunyima radhi hakai kimya majuma matatu akimlinda mwanawe na aibu. Lakini usimjaribu mpaka arobaini ipite, hapo mimi sitakuwa na la kukuambia.

Kwa hiyo hizo njia tatu za daftarini zifute. Ile ya pili, ya kumuumba mgonjwa halafu kumuua tena kidogo kidogo, nimeisoma nikavua miwani. Usiifikirie hata kwa utani. Ile ya tatu, ya kumkimbiza Lamu ili uongo wako ugeuke kweli, hiyo ni kumtumia mama yako kufuta makosa yako. Aliyeahidi yasini ni yeye. Wewe ulitoa neno lake bila idhini yake, kwa mgonjwa aliyekuwa anaaga dunia. Kama ni dhambi ya kiasi gani kamwulize shehe, mimi sina elimu hiyo. Ninachojua ni kwamba mama yako mdogo alicheka kwa ajili ya neno lile, na neno lile halijatendwa.

Utafanya hivi. Leo, si kesho, funga duka mchana kweupe. Mwite Sihaba, mwenye akili katika nyumba hiyo, akae karibu. Wewe kaa chini, kwenye mkeka, usilete kiti. Mwambie mama, "Mama mdogo amekufa, na mimi nilijua nikakuficha, na nilimdanganya kabla hajafa." Maneno ni hayo. Usianze na basi, usianze na Utete, usianze na cheti cha kuzaliwa. Akilia mwache alie. Akikugombeza shukuru. Akinyamaza kaa hapo hapo, usikimbilie misumari.

Kesho yake umtoe kwa mlango wa mbele. Umpitishe barabarani na sokoni, ukiwa umebeba kifurushi chake wewe mwenyewe, mpaka Nyamisati, mpaka mtumbwini. Wakiwauliza Lamu imehamia wapi, jibu wewe, sema, "Mama hakwenda, kosa ni langu." Sema hivyo kila mlango alioaga. Nilivyosoma ni siku tisa za milango, basi na wewe zitakutosha, na ukivuta makasia vizuri mtaiwahi arobaini. Kwa Gharibu usisubiri kuulizwa, mkalishe umweleze kabla ya hitima, kabla hajamsikia mtu mwingine. Akikupiga kofi usirudishe. Mama asibebe hata nusu ya aibu hiyo, amebeba ya kutosha uani.

Arobaini ikiisha mpeleke Lamu. Maulidi yamepita, ndiyo, zefe hataiona mwaka huu, na hilo halina namna, utaishi nalo. Lakini kaburi lipo, halikufungwa na Mfungo Sita. Akasome yake mbali na ya mdogo wake mbali, na wewe usimame pembeni usikie zikisomwa. Hati yake unayo tayari mkononi, kwa hiyo hapo ulipofikia huna kisingizio.

Unaniuliza ushike njia ipi. Siku ile ya kwanza, kabla ya daftari, mama yako alikwambia kwamba Nahodha Bushiri anakwenda na babu yake ndiye aliyemchukua baba. Mwanangu, lile lilikuwa jibu. Alitaka kupita alikopita baba yake, juu ya boriti zile zile, siku sita au sitini. Ulilipokea mlangoni ukaenda kulitafuta Dar es Salaam. Kama kusi bado lipo na nahodha amesharudi, kamwombe msamaha, umwulize nafasi. Kama limekwisha, mwulize mama upya, naye akikwambia punda, tafuta punda.

Najua unasoma haya umesimama kaunta. Kunja karatasi, ufunge mlango wa mbele. Mama yuko nyuma ya ukuta, anasikia ukifunga.